Ya tano si hiyo

Sahibu,

Salaam nyingi, habari za nyumbani tutaulizana chini huko. Bango lako la darasa nimelipata kwa shemeji, na naandika mbio kabla hujalipeleka kwa mchapaji: 2096128 uliyoiweka kuwa namba timilifu ya tano si timilifu (timilifu ni sawa na jumla ya vigawo vyake, yenyewe ikiachwa, kama 6 = 1 + 2 + 3). Ya tano ni 33550336. Futa!

(Umefanya vyema kuandika "timilifu". "Kamili" tayari ina kazi yake, watoto wangechanganya.)

Ulipopotelea napaona. Kanuni ya Euclid ni 2ᵖ⁻¹ × (2ᵖ − 1), nawe ukaweka 11 mahali pa p, ukaona 11 ni tasa (haigawiki ila kwa 1 na yenyewe) ukapita. Kumbe kinachotakiwa kiwe tasa ni kile cha ndani ya mabano. 2¹¹ − 1 ni 2047, nayo ni 23 × 89. Jumlisha vigawo vyote vya 2096128: (1 + 2 + 4 + … + 1024) × (1 + 23) × (1 + 89), ambayo ni 2047 × 24 × 90, yaani 4421520. Ingekuwa timilifu ungepata mara mbili yake, 4192256. Imezidi kwa 229264.

Njoo kwa 13. 2¹³ − 1 ni 8191. Usijichoshe kuigawa kwa kila namba tasa hadi 90. Kigawo tasa chake chochote, ukikigawa kwa 26, lazima kibakize 1. Za namna hiyo ni 27, 53 na 79 basi, na 27 si tasa. Kwa 53 inabaki 29, kwa 79 inabaki 54. Kwisha, 8191 ni tasa. Izidishe kwa 4096. Vigawo vinakuwa 26, na ukiiacha namba yenyewe, 25 vilivyosalia vinairudisha ile ile 33550336.

Nafasi ikiwepo, weka kwamba ni jumla ya 1 hadi 8191, na pia jumla ya vipeo vya tatu vya witiri zote kuanzia 1 hadi 127. Tarakimu zake zikijumlishwa zinatoa 28, timilifu nyingine! Hiyo bahati tu, usiifanye kanuni. Jaribu 496 uone.

Na ule mstari wa chini, eti zinaishia 6 na 8 kwa zamu, uondoe. Ya sita ni 8589869056, inaishia 6 kama ya tano. Halafu 2096128 yako inaishia 8 baada ya 8128, sahibu, hata zamu zako mwenyewe hukuzifuata!

Mchapaji anachukua lini? Ulipiga hesabu kwa mkono au ulimwachia yule kijana wa kikokotoo? Witiri utazigusa? Mpaka leo timilifu iliyo witiri haijapatikana, wala hajatokea wa kuthibitisha kwamba haipo, na wale wa nyuma watakuuliza tu. Mama mguu wake unaendeleaje? Na shemeji anarudi huku Jumamosi, au nitafute mtu mwingine wa kumpa bango?

Wako,
yule yule