Taarifa ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Empedocles

Ndugu wanachama,

Mkutano mkuu uliopita uliamua tusome mtu mmoja mwaka mzima: Empedocles, mwanafalsafa mshairi wa Kigiriki wa Akragas, Sicily, karne ya 5 kabla ya Kristo. Hakuna kitabu chake kilichobaki kizima. Mistari yake tunayo kwa sababu wengine waliinukuu, akiwemo Simplicius, mfafanuzi wa Aristotle, aliyeandika miaka ipatayo 1,000 baadaye.

Kosa la mwaka huu ni langu. Ni mimi niliyependekeza kila nukuu iandikwe kwenye kadi yake, peke yake, bila maneno ya aliyeinukuu. Kufikia kikao cha tatu meza ilijaa kadi safi zisizotuambia kitu. Mizizi minne ya vitu vyote, yaani moto, hewa, maji na ardhi, tuliiweka upande wa maumbile, pamoja na Pendo na Fitina, nguvu zinazoiunganisha na kuitenganisha. Mambo ya dhambi na utakaso tukayaweka upande wa pili, wa dini. Kadi ya mtu anayejutia kula nyama hatukuijadili hata dakika moja, tukaitupa upande wa dini. Mtaalamu Mjerumani Hermann Diels naye, katika mkusanyo wake wa nukuu wa 1903, aliiweka kwenye shairi la utakaso, mbali na shairi la maumbile.

Ndipo tukasoma habari za mafunjo ya Strasbourg, vipande vya maandishi ya kale vinavyohifadhiwa mji huo wa Ufaransa. Yalinunuliwa Akhmim, Misri, mwaka 1904, yakiwa sehemu ya shada la maziko lililobandikwa majani ya shaba. Ni vipande 52. Karibu miaka 90 ilipita kabla Alain Martin hajatambua kwamba ni Empedocles, naye na Oliver Primavesi wakayachapisha mwaka 1999. Kipande kimoja kinaanzia ndani ya nukuu ndefu ya Simplicius, kisha kinaendelea pale yeye alipokomea, na pembeni mwandishi ametia alama ya mstari wa 300. Na yule mjutaji wetu? Yumo humo humo, katikati ya maelezo ya maumbile! Kwenye kadi yetu tuliyekuwa tukimsikia ni aliyeinukuu, mwanafalsafa Porphyry, aliyeihitaji mistari ile kuwasihi watu waache nyama. Wataalamu bado wanabishana kama mashairi yalikuwa mawili au moja, lakini meza yetu ilibidi ipangwe upya usiku ule ule.

Tangu hapo tunaandika kadi kwa rangi mbili: bluu kwa mwanafalsafa, nyekundu kwa aliyemnukuu na hoja aliyokuwa akiitetea. Kazi imekuwa ndefu maradufu. Nawashukuru kwa dhati waliobaki hadi usiku wakinakili upya, hasa vijana waliojiunga mwaka huu.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Walio na ada ya nyuma wamwone kabla ya kuondoka.

Kamati inapendekeza mwaka ujao tusome Heraclitus, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki tunayemjua kwa nukuu tu, tuanzie kwenye usemi wake kuhusu mto. Plato anasema huwezi kuuingia mara mbili. Nukuu nyingine inasema wanaoingia mito ile ile hupitiwa na maji mengine na mengine. Kila mmoja aje na kadi zote mbili, wino mwekundu ukiwa umeshajazwa.