Kwa mdogo wangu aliyemng'ang'ania askari wa c4

Mdogo wangu,

Tangu Idd ile barazani kwa mjomba hujanigusia tena habari za sataranji. Najua kilichokuuma. Si kufungwa, maana umefungwa mara nyingi ukacheka. Kilichokuuma ni ile "tamaa mbele, mauti nyuma" aliyokutupia mbele ya watoto. Nami nakuandikia kukwambia kwamba mjomba alishinda, lakini pale alikuonea.

Kumla askari wake wa c4 hukukosea. Alifungua d4 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao), ukajibu d5, akakuwekea c4. Hiyo ndiyo gambiti ya malkia, ufunguzi wa kumtoa askari kwa makusudi, na mabingwa humla askari yule bila haya. Kosa lilikuja hatua ya tatu. Yeye kasogeza e3, wewe mbio ukaweka b5 kumlinda askari wako aliyekula c4. Akapiga a4, ukatia c6. Akala b5, nawe ukala, halafu malkia akateleza hadi f3. Kumbuka ubao ulivyokuwa: d5 tupu, c6 tupu, b7 tupu, na mwisho wa njia ile ya mshazari kutoka f3 ngome yako imekaa uchi kwenye a8. Ili kuiokoa ilibidi utoe farasi au askofu. Na usidhani a6 ingekufaa badala ya c6: angekula b5, na ungemla kwa askari wa a, ngome yake ya a1 ingeimeza yako.

Ungetoa farasi f6, ukamwacha askofu wake ale c4, kisha e6, c5 na a6, ile b5 uliyoitamani ingekuja kwa raha zake, tena ikimfukuza askofu. Ndiyo maana wengi wenye nyeupe wakifika hapo huwahi a4.

Kwenye Slavu, ulinzi mwingine wa nyeusi dhidi ya gambiti hii, mambo ni mengine. Huko c6 hutangulia, unakula c4 baadaye, na farasi wa nyeupe keshakaa f3, mraba ule ule malkia aliouhitaji. Hapo b5 ni tishio la kweli. Nyeupe mara nyingi hutumia hatua nzima ya a4 kuizuia tu, na b4 inabaki wazi kwa askofu wako.

Hata Fischer, Mmarekani aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, yalimkuta. Mar del Plata, Argentina, mwaka 1960, mpinzani wake Spassky alimtolea askari wa f4 katika gambiti ya mfalme. Fischer akamla, akamlinda kwa g5, akapoteza. Mwaka 1961 akaandika makala kudai gambiti ile imekwisha, na dawa yake ilikuwa d6 kwanza, g5 baadaye. Askari bado alimtaka! Alichogeuza ni mpangilio. (Ukimtajia mjomba hili, atakwambia Fischer hakuwa na adabu.)

Mwezi ujao nakuja. Nyeupe nitachukua mimi: d4, halafu c4. Mle.

Kaka yako