Mwanaidi, nitafutie mshipi wa kuvulia

Kijitonyama, Dar es Salaam

Shoga yangu Mwanaidi,

Hujambo? Wafikishie shikamoo zangu Baba na Mama hapo Kilindoni, Mafia. Najua umeninunia, miezi mitatu kimya. Endelea kununa, ila soma mpaka mwisho, nina shida.

Ile satelaiti yetu ya chuo bado tunahangaika nayo. Mama yeye anauliza kama itashika chaneli za tamthilia. Ni kiboksi tu cha alumini, sentimita 10 kila upande, kinaenea kwenye kikapu cha sokoni. Na usicheke: antena zake tumezikata kwenye futi ya fundi seremala, ile ya chuma inayojirudi yenyewe ndani, sentimita 17 hivi kila kipande. Unazikunja, unazifunga kwa mshipi wa kuvulia. Ikishafika angani, kiwaya kinapata moto, mshipi unakatika, antena zinafyatuka. Hata wenzetu wa nje wanafanya hivyohivyo.

Sasa mshipi ndio umetuumbua. Niliununua Kariakoo, nailoni, muuzaji anaapa unavuta hadi papa. Ijumaa nikafunga. Jumatatu tunafungua maabara, antena moja imechomoza ubavuni kama mguu wa panzi. Juma, unamjua, mbele ya watu: "Neema kafunga ovyo." Ovyo! Mafundo manne, kwa kibano, macho yananitoka! Kumbe nailoni inanyonya unyevu, halafu inavutika, na joto la Dar unalijua, hata chumvi inalowa kikoponi. Mwalimu ndiye aliyesema. Juma hajaniomba radhi mpaka leo.

Fikiria ingefyatuka ndani ya kasha la kurushia, lile inamokaa kwenye roketi, si ingekwama humo humo? Na isipofyatuka kabisa ndiyo bubu milele. Nani atapanda na plaizi kuifuata, inakimbia kilomita zaidi ya 7 kwa sekunde? Chuo Kikuu cha Nairobi yao iliachiwa angani tangu Mei 2018, sisi tunashindana na uzi. (Roketi ya kutubeba bado hatuna, ila Mama usimwambie.)

Kaka yako si anatumia ule mshipi wa kusuka, mwembamba, usiovutika? Naomba mita 5 tu. Mpe mtu anayekuja Dar kwa boti ya Nyamisati, akifika Mbagala nitaufuata mwenyewe. Juma anasema atalipa yeye. Usimsubiri.

Ila kabla hujatuma, uloweke usiku kucha, asubuhi uuvute: unarefuka? Ukiuchoma kwa kiberiti unayeyuka upesi, au unafuka moshi tu? Kaka hatagomba? Na wewe je, yule mwenye posa amerudi au ndiyo basi tena? Papa potwe wameanza kuonekana? Mbona hukunijibu kuhusu kanga?

Kibano bado ninacho mkononi, nakusubiri.

Wako,
Neema