Barua ya wazi kwa mpwa wangu: majina yaliyobandikwa kwenye shina la ubongo

Mpwa wangu mpendwa,

Umenilalamikia kwamba mtihani wa neva unakaribia na mbele yako kuna majina ya Wazungu wa kale waliobandikwa kwenye sindromu, yaani mikusanyiko ya dalili zinazokwenda pamoja: Weber, Foville, Benedikt, Wallenberg, na kwamba unayakariri bila kujua nani alifanya nini. Nakubaliana nawe kuwa majina hayo yaligawanywa ovyo, lakini kazi iliyo nyuma yake si ya kudharau.

Neva za uso hutoka kwenye shina la ubongo, sehemu inayounganisha ubongo na uti wa mgongo, na kuhudumia upande uleule, ilhali njia zinazoendesha mikono na miguu huvuka kwenda upande wa pili mwishoni mwa medula, sehemu ya chini ya shina hilo. Kwa hiyo kidonda, yaani sehemu iliyoharibika, kilicho juu ya mahali hapo pa kuvuka huweza kupooza uso wa kulia pamoja na mkono na mguu wa kushoto. Mwaka 1856, Adolphe Gubler wa Paris alitetea hoja kwamba kupooza huko kwa kupishana ni ishara ya kidonda katika ponsi, sehemu ya shina iliyo juu ya medula. Kwa kuwa Auguste Millard alikuwa ameliona jambo hilo wakati uohuo, sindromu ikabeba majina yao wote wawili. Foville alifuata mwaka 1858 na mgonjwa aliyeshindwa kugeuza macho upande mmoja, kisha mwaka 1863 Hermann Weber, Mjerumani aliyefanya kazi London, akaeleza kupooza kwa neva ya tatu, ile inayoinua kope, pamoja na nusu ya mwili ya upande wa pili. Sindromu ya Benedikt wa Vienna haikupewa jina hilo na yeye mwenyewe, bali na Charcot, daktari wa neva wa Ufaransa.

Wa kukaa naye kwa muda ni Adolf Wallenberg, daktari wa Danzig, mji ambao leo ni Gdańsk wa Poland. Mwaka 1895, mwaka uleule Röntgen alipogundua eksirei (ambayo hata hivyo isingemsaidia kuona ndani ya medula), alichapisha habari za mgonjwa aliyepatwa ghafla na kizunguzungu na shida ya kumeza, huku akipoteza hisia za maumivu na joto usoni upande mmoja na mwilini upande mwingine. Kwa kupima ngozi na kufuatilia ramani ya neva tu, Wallenberg alitaja mahali pa kidonda, pembeni mwa medula, na mshipa aliodhani umeziba, yaani ateri ya nyuma chini ya serebelamu (ubongo mdogo wa kisogoni). Mgonjwa alipofariki baada ya miaka kadhaa, uchunguzi wa maiti, uliochapishwa mwaka 1901, ulimthibitisha. Utabiri wa namna hiyo, uliowekwa kwenye maandishi kabla ya kisu kupita, kwangu una uzito kuliko sindromu nyingine zote ulizoorodhesha.

Hata hivyo hakuwa wa kwanza kuieleza hali hiyo. Gaspard Vieusseux, daktari wa Geneva, alipatwa nayo yeye mwenyewe mwaka 1808, akaeleza kwa makini kizunguzungu, sauti iliyokwaruza, kope iliyolegea na ngozi isiyotofautisha moto na baridi, na habari zake zikasomwa mbele ya madaktari wa London na rafiki yake Alexander Marcet. Vitabu vichache tu humtaja, labda kwa sababu alieleza dalili bila kuonyesha mahali pa kidonda.

Wallenberg, aliyekuwa Myahudi, alilazimika kuihama Danzig kwa sababu ya Wanazi, akapitia Uingereza na kufia Marekani mwaka 1949. Mwaka 1961, Miller Fisher na wenzake walionyesha kuwa mara nyingi mshipa unaoziba ni ateri ya vetebra yenyewe, ile inayopanda shingoni hadi ubongoni, si tawi lake alilolitaja Wallenberg. Kwa hiyo ukiulizwa mtihanini ni mshipa gani, taja yote miwili, na uanze na ule wa Fisher.

Mjomba wako