Waridi si pinki

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, mi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, na hili jambo limenikaa rohoni toka wiki iliyopita. Kuna harusi ya ndugu yetu, kina mama tukakubaliana sare iwe rangi ya waridi, basi, kila mtu akaenda dukani kivyake, wa kwanza kaniletea pinki ile ya mpauko kama aiskrimu, wa pili kaleta nyekundu ya damu kabisa, dada yangu naye kaja na kitu cha zambarau zambarau hivi, na wote wanaapa hii ndo waridi. Yule wa nyekundu akanionyesha na picha ya ua kwenye simu, kwani hili si waridi? Na kweli ni waridi, sasa utambishia nini.

Nikaenda kwa shangazi. Akanichumia moja kwenye mwaridi wake wa uani, akalifungua kwa vidole taratibu, nje nyekundu iliyopoa, ukiingia kwenye kitovu panakuwa peupe, akaniwekea kidole pale kati ya wekundu na weupe akasema hapa mwanangu, ndo rangi yenyewe. Nikaikumbuka hapohapo, ni kama pera lililoiva ukalipasua, lile lenye nyama nyekundu. Na ndo maua tuliyokuwa tunatungia vikuba, vile vishada vya kunukia vya kina mama, pamoja na asumini na mrehani, na yenye marashi yanayorushwa kwa mrashi kwenye maulidi.

Mhariri, Kiswahili chetu rangi zinazofuata ngeli ni tatu tu, nyeusi, nyeupe na nyekundu, unasema gauni jekundu, kitambaa chekundu, viatu vyekundu, ila huwezi kusema kitambaa "chawaridi", lazima useme cha rangi ya waridi, kwa sababu hizi nyingine tumeziazima kwenye vitu. Kijani ni majani, kijivu ni majivu, manjano ni yale yale ya kwenye mchuzi, zambarau ni tunda, damu ya mzee hiyo inajieleza. Sasa kitu kikishatoka machoni mwa watu na rangi yake nayo inapotea, watoto wa siku hizi waridi wanalijua la kwenye kadi tu, jekundu tiii, ndo maana tunashindwa kuelewana hata kwenye sare.

Pinki sina ugomvi nayo, ni neno la watu wanalitumia, liiteni pinki. Ila ninachoomba kwenye kurasa zenu za mitindo mkiandika waridi basi picha iwe na rangi hiyo kweli, si nyekundu wala si pinki ya mpauko, maana wateja wangu wanakuja na gazeti mkononi wananiambia nishonee kama hii.

Vitambaa vyote vitatu viko hapa juu ya cherehani sijakata hata kimoja. Kesho asubuhi naenda dukani na ua la shangazi mkononi.

Fundi cherehani,
Ngamiani, Tanga.