Mkondo wa amali: tatizo liko kwenye ratiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie kuhusu mkondo wa amali, ulioanza kidato cha kwanza katika baadhi ya sekondari zetu Januari 2024, kufuatia Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023. Mwanafunzi wa mkondo huo husoma masomo ya jumla na papo hapo hujifunza fani, iwe uashi, umeme, useremala au ushonaji. Nauunga mkono. Wasiwasi wangu ni ratiba.

Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Nilisoma shule ya ufundi, najua dakika hizo zinavyoyeyuka karakanani: kumi za kuvaa ovaroli na kugawana vifaa, kumi nyingine za kufagia na kurudisha vifaa stoo, na zilizobaki katikati zinatosha kunoa patasi tu. Kazi ya mikono inataka vipindi vitatu au vinne mfululizo, hata ikibidi somo jingine lisogezwe.

Jambo zito zaidi ni kwamba mwalimu wa hisabati na mwalimu wa uashi hawaketi pamoja kupanga kazi. Fundi anayepima msingi wa nyumba huhesabu futi 3 kwenye kamba ya upande mmoja na futi 4 kwenye ya upande wa pili, kisha huhakikisha mshazari ni futi 5, ndipo aamini kwamba kona imekaa sawa. Hiyo ni kanuni ya Pythagoras, ambayo mwanafunzi huyohuyo hukutana nayo ubaoni kama herufi tupu, pengine mwaka mwingine kabisa, tena kwa Kiingereza, wakati karakanani alielekezwa kwa Kiswahili (suala la lugha linastahili barua yake). Kwenye umeme hali ni hiyohiyo: aliyezoea kugawanya wati 3,000 kwa volti 230, akapata ampea 13, yaani kiasi cha umeme utakaopita kwenye waya, hatathubutu kuunganisha hita ya maji kwa waya mwembamba wa taa.

Napendekeza walimu wa pande hizo mbili watengewe saa moja kila wiki, iandikwe ndani ya ratiba ya shule, wapange mada zipi zifundishwe kwa pamoja. Wanafunzi walioanza 2024 wanatarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne 2027, na ningefurahi wakuu wa shule zao watueleze kupitia ukurasa huu wamefikia wapi.

Wako,
Mzazi, Iringa