Mwanangu Hilda, Nimeacha Kufukua Panya Buku

Rondo, Lindi

Mwanangu Hilda,

Hapa nyumbani hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua kama kawaida, na korosho tumeshapeleka chama cha msingi, malipo tunasubiri, usiniulize lini. Ulitaka nisikujibu kwa simu bali niandike, kwa sababu ukinipigia nazungumza mambo kumi na swali lako moja linabaki palepale. Haya, naandika. Kwa ajili ya rasimu ya mpango wako wa kurudisha wanyama, umeuliza zamani hapa Rondo kulikuwa na wanyama gani waliokula matunda ya porini, na kama wakirudishwa, msitu nao utarudi. Hilo la pili limenikosesha usingizi siku mbili.

Ile video ya Brazil uliyoniachia kwenye simu nimeirudia mara tatu. Sikujua kwamba pale Rio de Janeiro kuna msitu uliopandwa kwa mikono. Kahawa ilikuwa imemaliza vilima vya Tijuca, vijito vikapungua, mji ukahangaika na maji, ndipo mfalme wao Pedro wa Pili alipoamuru mwaka 1861 miti irudishwe. Kazi alipewa Meja Archer, lakini mashimo yalichimbwa na watumwa wachache, na mmoja wao alikuwa mwanamke, Maria. Kwa mtu wa upande wetu huu, ambako watu walipakiwa majahazini Kilwa na Mikindani, jina hilo halipiti hivi hivi. Niliisimamisha video hapo nikatoka nje kidogo.

Msitu ule ulisimama, maji yakarudi. Ukiuona kwenye picha utasema kazi imekwisha. Kumbe wanyama walikuwa wamewindwa hadi wakaisha, na miti yenye mbegu kubwa ikawa inaangusha matunda chini yake yenyewe, mwaka baada ya mwaka, yanaozea hapo hapo. Miti mizee isiyo na wajukuu. Hapo sikuhitaji profesa. Nenda chini ya mfuru wowote mwezi wa matunda, utakuta miche imejaa kama mchicha kwenye tuta; rudi mwaka unaofuata, haipo. Giza la mama yake limeinyima jua, wadudu na ukungu waliozoea mti ule wameimaliza. Mche uliopata bahati ni ule ambao mbegu yake ilibebwa mbali. Umenieleza kwamba katika misitu ya nchi za joto miti zaidi ya asilimia 70 inategemea mnyama au ndege kuibebea mbegu. Nimeamini, ingawa hapa kwetu watu wanathamini zaidi ile isiyohitaji mtu: mpingo na mninga, ambayo upepo unaitosha.

Basi mwaka 2010 wale Wabrazili wakaanza kurudisha aguti, mnyama wa huko wa jamii ya panya, wengine wakichukuliwa kwenye bustani ya katikati ya mji, Campo de Santana, walikokuwa wakizurura miguuni mwa wapita njia. Mwaka 2015 wakafuata wale kima wanaonguruma, ambao msitu huo haukuwasikia kwa zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 2020 kobe. Kima anameza tunda na mbegu zake, anakwenda zake, anajisaidia mbele ya safari. Dundu wanakuja, wanaviringisha kile kinyesi na kukifukia pamoja na mbegu. Kazi imefanyika na hakuna aliyelipwa posho.

Lakini ni aguti aliyenifanya nicheke peke yangu mpaka mama yako akauliza nina nini. Anakaa kwa matako, ameshika kokwa kwa mikono miwili, anatafuna ganda ambalo sisi tungelitafutia nyundo. Akishiba hatupi. Anakwenda na kokwa moja, anafukia hapa. Anarudi na nyingine, anafukia pale. Na baadhi anazisahau. Nikamwambia mama yako, tazama, samaki nchanga huyu, panya buku wetu! Amekosa mkia tu.

Wewe umekulia bweni, hukuwahi kwenda na sisi kufukua panya buku. Babu yako alikuwa fundi. Anatafuta matundu yote ya kutokea, anayaziba, anabakiza moja, kisha jembe. Kilichonishangaza utotoni ni ghala lake, kuliko hata panya mwenyewe. Tulikuta korosho, karanga, kokwa za furu na za mbura, na siku moja kifuniko cha soda na senti ya zamani, maana panya buku hana simile na kitu kinachong'aa. Mashavu yake ni mifuko, anajaza mpaka kichwa kinakuwa kipana kuliko mwili. Babu yako alikuwa akimwita mwizi mwenye stoo. Tulikula panya, tukala na akiba yake, tukarudi nyumbani tunajisifu.

Tusilolijua ni kwamba zile za ndani ya shimo ndizo zilizokuwa zimekwisha kazi. Zilizo chini sana hazioti. Anazozifukia juu juu njiani, chini ya majani, kidole kimoja au viwili, kisha asizirudie, hizo ndizo mti wa kesho. Huko Nyungwe, Rwanda, watafiti wameona panya buku wa milimani wakibeba mbegu kubwa za mti uitwao Carapa na kuzifukia hivyo hivyo. Kwa hiyo aguti wetu tunaye, wala hatuna haja ya meli kumleta. Na kinachoniuma ni kwamba wewe hapo Morogoro unapita karibu na mahali wanapomfundisha kunusa mabomu ya ardhini. Yule panya Magawa, mzaliwa wa hapo hapo, mwaka 2020 alipewa nishani ya dhahabu na shirika la Uingereza kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Sisi huku tunamsindikiza na ugali wa muhogo.

Sasa swali lako la kwanza. Nimekaa na shangazi yako, yule wa Mnara, naye anakumbuka kuliko mimi. Hondohondo, yule anayelia kama mtoto mchanga, anameza matunda mazima na kuzitapika kokwa akiwa juu ya mti mwingine kabisa. Kima wetu hujaza mashavu, akaenda kula mbali akitema kokwa njiani. Paa anameza furu, usiku anapocheua anazitema. Popo ndiye wa mvule. Mvule zilizokatwa hapa Rondo zamani, magogo ambayo watu wawili hawakuweza kuyakumbatia, popo ndio waliozisia. Ukisikia mtu anamwita popo mchawi, mwulize mbao za mlango wake zimetoka wapi. Komba hatukuwahi kumhesabu, hasa yule mdogo wa gramu 60 mnayemwita komba wa Rondo. Sisi tulijua ni kelele za usiku.

Tembo wamo kwenye kumbukumbu za shangazi, kwa kusikia tu. Hao, mama, sitaki uwaandike kwenye mpango wako. Najua anaweza kupeleka mbegu hadi kilomita 65, na najua kilichotokea Selous: tembo karibu 39,000 mwaka 2009, na sensa ya 2013 ikahesabu kama 13,000. Ni aibu yetu. Lakini waulize ndugu zetu wa Liwale na Nachingwea wanaolala shambani na madebe ya kupiga kelele, na waliozika. Tembo akirudi mwenyewe porini kwake, vema. Kumleta Rondo, katikati ya mihogo ya watu, ni kutafuta adui wa msitu kwa kila nyumba.

Kobe je? Umenikumbusha wale wa Changuu tuliowaona Zanzibar kwenye harusi ya kaka yako. Kumbe ndugu zao wa Aldabra, kule Shelisheli, walipelekwa mwaka 2000 Île aux Aigrettes, kisiwa kidogo cha Morisi, wakawe badala ya kobe wa huko waliokwisha kabisa, na mpingo wa kisiwa kile, ambao si wetu huu wa upepo, ukaanza kuota mahali ambapo haukuwa umeota. Nimeipenda hiyo. Ila kisiwa kina bahari kuzunguka. Rondo imezungukwa na sisi.

Na hapa ndipo nisipokubaliana na rasimu yako. Umeandika kurasa sita za namna ya kusafirisha wanyama na mistari minne kuhusu kilichowaondoa. Hata mwongozo wa IUCN, ule umoja wa kimataifa wa uhifadhi, wa mwaka 2013 ulionitumia mwenyewe unasema kilichomwondoa mnyama kishughulikiwe kabla hajarudishwa. Nani aliwaondoa? Nyaya za baiskeli. Nilizitega mimi, alizitega baba yangu, na wiki iliyopita nimezikuta tisa kwenye korongo lililo nyuma ya shamba letu, za mdogo wako Fredi. Ukileta paa ishirini kwa gari la serikali, Fredi na wenzake watakushukuru sana Krismasi.

Na wengine hawajaondoka, wamebanwa tu. Ule utafiti wa Cordeiro na Howe kule Usambara Mashariki, uliochapishwa 2003, nimeuelewa hivi: msitu ukikatwakatwa vipande, ndege wabebaji wanapungua, na mti unabaki na watoto wake miguuni. Hapa kwetu vipande viko wazi ukisimama ukingoni: msitu wa hifadhi, kisha mikorosho, kisha korongo lenye miti mikubwa, kisha mikorosho tena. Walikuja watu hapa miaka ile na mradi wa kupanda, wakatulipa kwa siku, tukapanda mitiki kwa mstari ulionyooka kama kamba ya fundi. Bango lilidumu kuliko kikundi. Hakuna kati yetu aliyeulizwa kokwa gani huliwa na nani, na mtiki hakuna anayemla.

Mimi ningeanza na korongo. Mifuru na mibura iliyobaki pale isikatwe, moto wa kusafisha mashamba usiingie, nyaya zitolewe. Hondohondo bado wanapita asubuhi kuelekea hifadhini. Wakipata pa kutua watatua, na watatapika. Upande wetu wa korongo nimeshaacha kulima, hatua kama arobaini. Jirani anasema nimezeeka. Labda.

Nyaya tisa nimezivunja zote. Fredi hajaniongelesha tangu Jumapili, na mama yako yuko upande wake, kwa sababu kitoweo ni kitoweo, na mimi sina jibu la kumpa zaidi ya dagaa.

Ukija Desemba uje na ile kamera ya kufunga mtini. Kuna tundu jipya karibu na mkorosho wa bibi yako, udongo wake bado mbichi, na pembeni kuna miche miwili ya furu ambayo sikuipanda. Sijamwambia mtu.

Ni mimi baba yako.